Stefan Bellof, dereva Mjerumani aliyefariki akijaribu kupita kwenye kona ya Eau Rouge

Stefan Bellof alikuwa na umri wa miaka 27 alipofariki dunia Jumapili tarehe 1 Septemba 1985, katika mashindano ya magari ya kilomita 1000 huko Spa-Francorchamps, mashariki mwa Ubelgiji. Alikuwa bado bingwa wa dunia wa mbio ndefu, taji alilolipata mwaka wa 1984.

Mzaliwa huyo wa Giessen, Ujerumani, alijulikana haraka. Mwaka wa 1982 aliingia Formula 2 na kushinda mbio zake mbili za kwanza, Silverstone kisha Hockenheim. Mwaka uliofuata Porsche ikampa gari lake la 956, akipokezana usukani na Mwingereza Derek Bell.

Jina lake limebaki hasa kwa sababu ya Jumamosi moja, tarehe 28 Mei 1983, kwenye barabara ya zamani ya Nürburgring, ile inayopanda na kushuka msituni. Siku hiyo ya kutafuta nafasi za kuanzia, Bellof alizunguka kilomita 20,8 kwa dakika 6 na sekunde 11, mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa. Kesho yake, katika mashindano yenyewe, alikuwa akiongoza. Angeweza kutulia; hakutulia. Gari likaruka sehemu inayoitwa Pflanzgarten na kuharibika kabisa, lakini yeye akatoka mzima. Magari ya aina hiyo hayakurudi tena kushindana pale, na muda wake ukadumu miaka 35, hadi Timo Bernhard alipoupunguza mwaka wa 2018, naye pia akiwa ndani ya Porsche. Leo kuna kona pale yenye jina la Bellof.

Formula 1 haikumpa bahati. Juni 1984 huko Monaco, akiwa na gari la Tyrrell lenye injini dhaifu kuliko za wengine, alianza wa mwisho, nafasi ya 20. Mvua ilipolazimisha mbio kusimamishwa, alikuwa wa 3 nyuma ya Prost na Senna. Baadaye Tyrrell ilifutwa katika matokeo ya mwaka mzima kwa kosa la kiufundi ambalo si la dereva, na nafasi hiyo ikapotea.

Mwaka wa 1985 aliendesha Porsche ya ekipe binafsi ya Walter Brun. Huko Spa alimfuata kwa karibu Jacky Ickx, Mbelgiji aliyekuwa bingwa kabla yake na mwenzake wa zamani katika Porsche. Eau Rouge ni bonde: barabara inateremka, inapinda kushoto, kisha kulia, na kupanda ghafla. Magari mawili yenye kasi hayaenei hapo. Bellof akaingia upande wa kushoto, wakagusana. Ickx alitoka salama. Gari la Bellof liligonga ukuta uso kwa uso na kuwaka moto. Mashindano yakakatishwa.

Mabishano kuhusu nani alikosea yaliendelea kwa miaka. Ickx aliacha mbio hizo mwisho wa mwaka huohuo.