Askofu Stefano Moshi

Zamani Walutheri wa Iramba na Singida waliongozwa na wamisionari kutoka Marekani. Walutheri wa Kilimanjaro walikuwa na kanisa lao, na wa Bukoba lao.

Stefano Moshi alizaliwa Mamba, Kilimanjaro, mwaka 1906. Alikuwa mwalimu, kisha mchungaji. Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza kanisa la kaskazini. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo.

Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana, na la Singida likiwemo. Nani awaongoze? Waumini waliamini kwamba Mungu huwaongoza watu wake kwa wachungaji. Lakini je, Mnyiramba atamsikiliza Mchaga? Jambo hili halikuwa dogo. Moshi alichaguliwa. Aliliongoza kanisa hilo mpaka alipofariki mwaka 1976.