Carl Jung: Tabibu aliyeifuata siri ya ndoto hadi Mlima Elgon

DAKTARI Carl Gustav Jung, aliyefariki dunia Juni 6, 1961, anakumbukwa kwa wazo lililomgharimu rafiki na kumfikisha Afrika Mashariki: kwamba binadamu hazaliwi na akili tupu, bali hurithi chimbuko la ndoto zake kutoka kwa vizazi vilivyomtangulia.

Alizaliwa Julai 26, 1875 katika kijiji cha Kesswil, Uswisi, akiwa mtoto wa mchungaji. Baada ya kusomea udaktari mjini Basel, mwaka 1900 alianza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Burghölzli, Zurich. Huko alijizoeza kusikiliza maneno ya wagonjwa ambayo wengine waliyahesabu kuwa upuuzi.

Mgonjwa mmoja alidai kuona mrija ukining'inia kwenye jua, na kwamba ndio unaotoa upepo. Baadaye Jung aliikuta taswira kama hiyo katika maandishi ya kale ya Kigiriki. Akajiuliza iliwezaje kumfikia mtu huyo.

Mwaka 1907 alikutana na Sigmund Freud mjini Vienna, wakazungumza kwa takriban saa 13. Freud, aliyemzidi umri kwa miaka 19, alimwona kuwa mrithi wake. Hata hivyo, mwaka 1909, walipokwenda pamoja Marekani, Jung aliota yumo katika nyumba ambayo kila alipoteremka alikuta vyumba vya kale zaidi, hadi pangoni palipokuwa na mafuvu mawili. Freud aliyatazama mafuvu hayo kama dalili ya mtu ambaye Jung alimtakia kifo. Jung aliiona nyumba nzima kuwa ramani ya akili: juu mambo ya mtu binafsi, chini urithi wa wanadamu wote.

Mwaka 1913 urafiki wao ulivunjika. Kwa miaka kadhaa Jung aliandamwa na njozi nzito, akaziandika na kuzichora katika kitabu chenye jalada jekundu ambacho hakikuchapishwa hadi mwaka 2009.

Kutokana na kipindi hicho ilikomaa nadharia ya akili fiche ya pamoja. Ndani yake, alisema, zimo taswira za asili: mama, shujaa, mzee mwenye hekima, na kivuli, yaani upande ambao mtu hapendi kuukiri. Alisisitiza kuwa kinachorithiwa si picha yenyewe, bali mwelekeo wa kuiunda, kama ndege ajengavyo kiota bila kufundishwa.

Mwishoni mwa mwaka 1925 aliwasili Mombasa, akasafiri hadi Mlima Elgon. Kwa Kiswahili cha kubabaisha na kamusi ndogo mkononi, aliwauliza wenyeji juu ya ndoto zao. Mganga mmoja mzee, machozi yakimlenga, alimweleza kuwa tangu Waingereza waje ndoto zilikoma, kwa sababu sasa Mkuu wa Wilaya ndiye ajuaye kila kitu. Jung aliguswa pia na desturi ya kutemea mate viganjani alfajiri na kuvielekeza kwenye jua linalochomoza, ambayo waliomweleza hawakuweza kutaja sababu yake.

Wakosoaji hawakuridhika. Walionyesha kuwa kitabu chenye taswira ya mrija wa jua kilichapishwa mwaka 1903, hivyo habari zake zingeweza kumfikia mgonjwa yule kwa njia za kawaida.

Doa zito zaidi lilitokea mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka Ujerumani, naye akakubali kuongoza chama cha kimataifa cha tiba ya nafsi. Mwaka uliofuata aliandika akitofautisha akili fiche ya Wayahudi na ya Wajerumani. Watetezi wake husema aliwasaidia madaktari wa Kiyahudi kubaki wanachama. Lakini wazo lililokusudiwa kuonyesha kinachowaunganisha wanadamu lilikuwa limetumika kuwagawa.

Jung alifariki nyumbani kwake Küsnacht akiwa na miaka 85. Nadharia yake haijathibitishwa kisayansi, ingawa wapo matabibu ambao hadi leo humwanzia mgonjwa kwa kumuuliza ameota nini.