Dennis Gabor, Mvumbuzi wa Hologramu

Wengi wetu tumeiona ile alama ing'aayo kama upinde wa mvua katika lebo za bidhaa, ambayo hubadilika rangi ukiigeuza huku na huku. Jina lake ni hologramu, nami napenda kuwasimulia kwa ufupi habari za mtu aliyeivumbua.

Dennis Gabor alizaliwa Budapest, nchi ya Hungaria, tarehe 5 Juni, 1900. Tangu utoto alipenda sayansi, na pamoja na ndugu yake walifanya majaribio nyumbani kwao. Alisomea uhandisi Budapest na Berlin, kisha akafanya kazi Ujerumani. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Gabor, ambaye asili yake ilikuwa ya Kiyahudi, aliondoka, akahamia Uingereza.

Mwaka 1947, katika mji wa Rugby, alikuwa akitafuta njia ya kuboresha hadubini ya elektroni. Ndipo alipogundua namna ya kunasa umbo zima la kitu kwa mawimbi ya nuru. Lakini taa za siku zile hazikufaa, na kazi yake ikangoja hadi leza ilipotengenezwa mwaka 1960. Mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Alifariki London mwaka 1979.

Picha ya kawaida huonyesha kitu kwa upande mmoja tu. Hologramu ina mistari midogo mno inayopinda nuru, basi mashine ya kunakili haiwezi kuiiga. Hata hivyo, mdanganyifu aweza kubandua lebo ya kweli na kuibandika penginepo. Kwa hiyo lebo nyingi huongezewa namba, kila moja ya kwake, iliyotunzwa katika kumbukumbu za mtengenezaji. Namba moja ikionekana katika vitu viwili, hila imefichuka.

Hapa Ufipa jambo hili si mchezo. Mzazi akipanda mbegu bandia za mahindi, hugundua mvua zikiwa zimekwisha kuanza, na mwaka mzima umepotea: chakula, sare na daftari. Lebo za TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hufuata njia hiyo ya namba: hukwanguliwa, kisha huhakikiwa kwa simu. Nawasihi wanafunzi wenzangu, tusiridhike na mng'aro wa lebo. Tuwasaidie wazazi wetu kuhakiki namba kabla mbegu haijaingia udongoni.