Murnau, mwongozaji ambaye mahakama iliamuru filamu yake iteketezwe

Mwezi Julai mwaka 1925, mahakama mjini Berlin iliamuru nakala zote za filamu ya Nosferatu ziteketezwe. Leo filamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya filamu za kutisha duniani. Aliyeiongoza ni Mjerumani Friedrich Wilhelm Murnau.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1888 mjini Bielefeld kwa jina la Plumpe, kisha akajipa jina la mji wa Murnau ulioko Bavaria. Alijifunza uigizaji kwa Max Reinhardt mjini Berlin, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia akawa rubani.

Nosferatu, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 1922, inasimulia habari za mfu anyonyaye damu ya walio hai. Kwa msikilizaji wetu wa Nchelenge au Mwansabombwe, hofu hiyo si ngeni: enzi za ukoloni, watu wa Rhodesia Kaskazini walinong'onezana habari za banyama, kama watu wa pwani walivyowahofu mumiani. Murnau aliijua nguvu ya hofu ya namna hiyo. Alipeleka kamera katika mitaa ya Wismar na milima ya Slovakia, akamwonyesha mnyonya damu kama kivuli kinachopanda ngazi polepole.

Hata hivyo, hadithi ilitokana na Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, na kampuni ya Prana-Film haikuomba idhini. Kubadilisha majina ya wahusika hakukusaidia kitu. Florence Stoker, mjane wa mwandishi, alidai haki yake mahakamani. Kampuni ilikuwa imefilisika na haikuwa na cha kumlipa, ndipo ikaamriwa filamu iangamizwe. Iliokolewa na nakala zilizokuwa zimekwisha kuvuka mipaka.

Kabla ya hukumu hiyo, Murnau alikuwa ameshatoa Der letzte Mann mwaka 1924, kisa cha bawabu wa hoteli anayevuliwa sare yake na, pamoja nayo, heshima yake. Kisa chote kilieleweka karibu bila maandishi kwenye skrini. Sifa zake zilimfikisha Hollywood, ambako kampuni ya Fox ilimpa uhuru mkubwa kutengeneza Sunrise mwaka 1927. Filamu hiyo ilipata tuzo tatu katika hafla ya kwanza ya Oscar, mwaka 1929, lakini mapato yake hayakulingana na gharama.

Tangu hapo uhuru wake ukapungua. Filamu zenye sauti zilikuwa zimeingia sokoni, na City Girl ikabadilishwa na wengine bila yeye. Murnau akaihama studio, akaenda Tahiti na Bora Bora kutengeneza Tabu, ambayo aliigharamia kwa fedha zake mwenyewe.

Hakuwahi kuiona ikizinduliwa. Alifariki tarehe 11 Machi 1931, akiwa na umri wa miaka 42, kufuatia ajali ya gari huko California, wiki moja kabla ya uzinduzi.

Nosferatu, iliyohukumiwa kuteketezwa, ingali inatazamwa hadi leo. 4 Devils, aliyoitengenezea Fox mwaka 1928 na ambayo hakuna mahakama iliyoigusa, imepotea. Hakuna nakala yake inayojulikana.