Maisha ya Wilhelm Maybach (1846–1929)



Motokari ikipanda mlima na kutoa moshi mweusi, tunacheka na kusema: esansi inapotea bure. Tunaonaka pia mafundi wa garaje wakitoa bujii na kutazama rangi yake. Ikiwa nyeusi na masizi, esansi iko nyingi kupita hewa. Ikiwa nyeupe sana, hewa ndiyo nyingi. Motere inapata joto kupita kiasi, hata pistoni inaweza kutoboka. Ikiwa na rangi ya udongo hafifu, fundi anafurahi. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyehangaika sana na kipimo hicho.

Wilhelm Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 katika mji wa Heilbronn, Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala. Alipofika miaka 10 alikuwa amekwisha kufiwa na mama na baba. Mhubiri Mprotestanti, Gustav Werner, akampokea katika nyumba yake ya mayatima na maskini mjini Reutlingen. Mle hawakuwa wa kula na kulala tu: kulikuwa na karakana, na watoto walijifunza kazi ya mikono. Maybach akajifunza kuchora mashini. Mwaka 1863 Gottlieb Daimler akaja kuongoza karakana ile, akaona kijana huyu ana kichwa. Urafiki wao ulidumu mpaka Daimler alipokufa mwaka 1900.

Mwaka 1872 walikwenda Deutz, kwenye kiwanda cha Nikolaus Otto. Miaka kumi nyuma wakatoka, wakafanya kazi Cannstatt katika nyumba ndogo ya bustani ya Daimler. Inasimuliwa kwamba mtunza bustani alisikia vyuma vikigonga, akawashitaki kwa polisi kwamba wanatengeneza feza za uongo. Polisi wakaingia, kumbe ni motere tu! Mwaka 1885 waliifunga motere yao kwenye kinga la miti, na mwaka 1886 kwenye gari lililofanana na la farasi.

Lakini shida ilibaki: chakula cha motere. Esansi haiungui vizuri bila hewa ya kutosha. Leo tunajua kwamba kilo 1 ya esansi inaomba karibu kilo 14,7 za hewa. Wakati ule walipitisha hewa juu ya esansi ili ichukue mvuke. Siku ya baridi mvuke unapungua, siku ya joto unazidi. Basi leo motere inakwenda, kesho inakataa.

Mwaka 1891 Maybach aliacha kampuni ya Daimler, sababu wenye pesa hawakumpa masharti mazuri. Je, alikaa kulalamika? Hapana. Daimler akamtegemeza, naye akaendelea na kazi katika ukumbi wa hoteli moja ya Cannstatt. Ndimo alimotoa, mwaka 1893, karbirateri mpya. Ndani yake kuna kitu chenye kuelea, kinachofunga njia esansi inapofika kipimo chake. Motere ikivuta hewa, esansi inatoka kwa kitundu chembamba kama manyunyu. Hewa ikivutwa nyingi, esansi nayo inafuata. Hewa ikipungua, nayo inapungua. Karbirateri za nyuma zilifuata njia hiyo karibu miaka 100.

Mwaka 1895 alirudishwa kwenye kampuni. Yeye ndiye aliyechora Mercedes ya nguvu za farasi 35, iliyoshinda kule Nice mwezi wa Machi 1901. Lakini nyuma ya kifo cha Daimler alikosa tena heshima, akaondoka mwaka 1907. Mwaka 1909 alianza, pamoja na mwana wake Karl, kiwanda cha motere za ndege za Zeppelin. Alikufa tarehe 29 Desemba 1929.

Tangu mwaka 1976, kwanza katika motokari za Volvo, kifaa kidogo kiliwekwa katika bomba la moshi. Kinapima oksijeni iliyobaki, na motere inajirekebisha yenyewe kila mara. Lakini penye karbirateri, fundi angali anatazama bujii.

Ndugu zetu, wako kati yetu wasio na baba wala mama. Maybach pia hakuwa nao. Alipata mtu wa kumfungulia mlango, naye hakuacha kujifunza. Tusimcheke basi mwenzetu anayechora mashini katika kitabu chake cha hesabu.