Abbé Albert Joubert: mtoto wa kapiteni aliyekufa Fizi bila bunduki

Mtu anayetoka Uvira kwa barabara ya kusini anapita Makobola, Mboko, Lweba, halafu anafika Baraka, kilometa kama 90. Kutoka Baraka njia inaacha ziwa na kupanda milima mpaka Fizi. Ni kule juu, jioni ya tarehe 28 Novemba 1964, ambako Abbé Albert Joubert aliuawa kwa risasi, akiwa na umri wa miaka 56. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo alimtangaza kuwa Mwenyeheri kwa jina la Papa Francis, pamoja na wenzake watatu kutoka Italia: padri Giovanni Didonè, bruda Vittorio Faccin na padri Luigi Carrara.

Siku ile watu wengi walisikia jina Joubert kwa mara ya kwanza na wakadhani naye ni mzungu wa Ulaya tu. Hapana. Albert alikuwa mtoto wa hili ziwa.

Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908 kule Saint-Louis de Mrumbi, upande wa Moba. Mama yake ni Agnès Atakao, mwanamke wa kule kule Marungu. Baba yake ni yule Kapiteni Léopold Louis Joubert, ambaye wazee wa pwani ya Tanganyika walimjua vizuri kuliko gavana yeyote. Ili kumwelewa mtoto, lazima kwanza tumsimulie baba, maana wote wawili walikutana na swali moja na kila mmoja akalijibu kwa njia yake.

Kapiteni alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Alipokuwa na miaka 18 alijiunga na jeshi la Papa, akapigana vita ya Castelfidardo mwaka 1860, na akabaki katika jeshi lile mpaka Roma ilipotekwa mwaka 1870. Miaka kumi baadaye, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika tunaowaita mapadri weupe, alitafuta askari wa zamani wa kuwalinda mapadri wake kwenye Ziwa Tanganyika. Haikuwa hofu ya bure. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari waliuawa Rumonge, ng'ambo ya ziwa, nchi ya Burundi ya leo. Joubert alikuja, akarudi kwao kwa muda mfupi, halafu akaja tena na hakurudi. Mwaka 1887 alikuwa Mpala, na mwaka uliofuata alimuoa Agnès kwa ndoa ya kanisa.

Ile wakati, vijiji vya pwani vilikuwa vinachomwa na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, wakikamata watumwa. Kapiteni alifundisha vijana wa huku kutumia bunduki na akapigana. Watu waliokimbia utumwa walikuja kujenga karibu naye. Mara kadhaa alikuwa karibu kushindwa, mpaka Kapiteni Jacques alipofika na msaada mwaka 1891. Jacques ndiye aliyeanzisha Albertville, Kalemie ya leo.

Je, Mkristo anaweza kushika silaha? Kapiteni alijibu ndiyo, na mafundisho ya kanisa la wakati wake yalimpa nguvu. Kufuatana na mafundisho hayo, vita inaweza kuwa ya haki kama kuna mwenye mamlaka anayeiamuru, kama sababu ni ya kweli, na kama nia ni kurudisha amani na si kulipiza kisasi. Mbele ya mtu anayefunga kamba shingoni mwa mama na watoto wake, jibu lake ni gumu kulikataa. Lakini kuna upande mwingine. Njia iliyosafishwa na bunduki za kuwalinda watu ndiyo njia ambayo serikali ya Leopold II ilipita, na watu wa Kongo wanajua serikali ile ilileta nini. Dhamiri inaweza kuwa safi, halafu mtu mwingine akavuna matunda ambayo huyu hakuyapanda.

Kapiteni alikufa tarehe 27 Mei 1927, akiwa mzee wa miaka 85. Hakuondoka Tanganyika. Albert alikuwa kijana wa miaka 18.

Kijana huyu alikulia mahali ambapo upadre wa mtu mweusi ulikuwa umeanza kuonekana kwa macho. Tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville, yaani Moba ya leo, Stefano Kaoze alipewa upadre, wa kwanza kati ya Wakongomani katika koloni la Wabelgiji. Albert alikuwa hajatimiza miaka tisa. Naye akaenda seminari, na katika miaka ya 1930 akapata upadre. Hakuingia shirika la wageni. Akawa padri wa jimbo, abbé, kama wenzake wazaliwa wa nchi. Kwa mtu aliyekuwa na jina la Kifaransa na ngozi iliyochanganyika, hilo si jambo dogo. Enzi ya ukoloni ilipenda kupanga watu kwa rangi, na huyu hakuwa na sanduku lake.

Miaka mingi ilipita bila kelele: ubatizo, shule, safari za vijijini, kuzika. Maisha ya padri wa parokia hayana mengi ya kuandikwa, na ni vizuri hivyo.

Uvira ikawa jimbo tarehe 16 Aprili 1962, na Danilo Catarzi, Mwitaliano wa shirika la Xavériens, akawa askofu wake wa kwanza. Abbé Albert alikuwa Fizi, akifanya kazi na vijana wa Xavériens ambao kwa umri wangeweza kuwa watoto wake. Didonè alizaliwa mwaka 1930, Carrara 1933, Faccin 1934. Wao ndio wageni, yeye ndiye mwenyeji.

Halafu ikaja 1964. Tarehe 15 Mei Masimba, waasi wa Soumialot, walichukua Uvira. Askofu Catarzi na wamisionari wakashikwa, na wakabaki mikononi mwa waasi mpaka jeshi lilipoingia mji tarehe 7 Oktoba. Lakini Fizi na Baraka zilibaki kwa waasi. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, Kisangani ya leo, na habari ikaenea ikibeba hasira. Siku nne baadaye, Jumamosi, gari la waasi lilifika misioni ya Baraka. Padri Carrara aliamriwa apande ndani. Hakupanda. Alipiga magoti kando ya bruda Faccin, na wote wawili wakauawa pale pale. Jioni gari lile likapanda Fizi. Didonè alipigwa risasi, na Abbé Albert pia.

Watu wa huku wanajua swali lenyewe, maana wamelibeba mara nyingi: kukimbia au kubaki? Tena, anayebaki anatenda mema, au anamjaribu Mungu?

Teolojia ya Kikristo haikuanza kulifikiri jana. Katika Injili, Yesu anawaruhusu wanafunzi wakimbilie mji mwingine wakiteswa. Katika Injili hiyo hiyo kuna mchungaji asiyeacha kondoo mbwa mwitu anapokuja. Maneno yote mawili ni ya kwake, sasa padri afuate lipi? Karibu mwaka 429, Wavandali walipoingia Afrika ya Kaskazini, askofu mmoja jina lake Honorato alimuuliza hivyo Mtakatifu Augustino wa Hippo, katika Algeria ya leo. Jibu la Augustino lilikuwa la mtu anayepima. Kama adui anamtafuta kiongozi mmoja tu, na kuna wengine wa kuhudumia watu, anaweza kukimbia. Kama watu wote wanaweza kuondoka, waondoke pamoja naye. Lakini kama hatari ni ya wote na kuna wasioweza kukimbia, mchungaji hana ruhusa ya kuwaacha peke yao. Augustino mwenyewe alikufa mwaka 430, mji wake ukiwa umezungukwa.

Weka kipimo hicho Fizi ya 1964. Wakristo wa milimani walikuwa wapo. Mapadri walikuwa chini ya ulinzi wa waasi, kwa hiyo uhuru wao ulikuwa mdogo, na si haki kusimulia kama vile kila asubuhi walifungua mlango na kuchagua kifo. Wala kanisa halifundishi mtu kutafuta kifo, maana huko ni kujiua kwa mikono ya mwingine. Kilichobaki mikononi mwao ni siku zenyewe: kuendelea na sala, kutopokea silaha, kutomkana mwenzako gari likija. Kupiga magoti kwa Carrara ni uamuzi wa nusu dakika, lakini nusu dakika kama ile haitokei hewani. Inatoka katika miaka.

Kuna swali gumu zaidi, na lilipaswa kuulizwa kabla ya kumwita mtu mfiadini. Je, waliuawa kwa sababu ya imani, au kwa sababu ya ngozi na siasa ya Stanleyville? Kanisa linadai iwe chuki dhidi ya imani, na tangu Augustino linafundisha kwamba kinachomfanya mtu kuwa mfiadini ni sababu ya kifo, si maumivu yake. Mtu aliyeangukiwa na vita ana haki ya kuliliwa, lakini si lazima aitwe hivyo. Hapa ndipo Abbé Albert anapoleta uzito wake. Kwa Wataliano mtu angeweza kusema ni kisasi kwa wazungu. Kwa mtoto wa Agnès Atakao, aliyezaliwa Marungu na asiye na nchi nyingine ya kurudi, maelezo hayo yanabaki mafupi. Baada ya uchunguzi, Vatikani ilikubali kwamba wote wanne walikufa kwa ajili ya imani.

Baba na mwana hawakupingana moja kwa moja, na ni makosa kuwasimamisha kama mahakamani. Kapiteni alikuwa na watu wa kulinda na silaha ya kuwalindia. Mwanawe alikuwa padri, na sheria ya kale ya kanisa inamkataza padri kumwaga damu, hata pale ambapo mlei angeruhusiwa. Kwa hiyo imani ya nyumba moja ilizaa maamuzi mawili, kila moja kufuatana na kazi ya mtu na saa yake.

Kwa mfiadini, kanisa halidai muujiza ili atangazwe Mwenyeheri. Linaudai kwa hatua ya pili, ya kuitwa Mtakatifu, na hatua hiyo kwa wanne wa Baraka na Fizi bado.