Askari Aliyeogopa Mimbari

Mwaka 1814, William Miller, kapteni katika jeshi la Marekani, alisimama imara chini ya mizinga ya Waingereza huko Plattsburgh. Lakini kusimama mbele ya kusanyiko kulimtetemesha.

Kufikia 1818, baada ya miaka miwili ya kuyachunguza Maandiko, mkulima huyu wa Low Hampton, New York, alisadiki kwamba marejeo ya Kristo yamekaribia. Dhamiri ikamsukuma akawaambie wengine. Naye, kama Musa (Kutoka 4:10), akajitetea kwamba si mnenaji. Miaka 13 ikapita.

Asubuhi ya Jumamosi moja, Agosti 1831, mzigo ulimlemea. Akamwahidi Mungu kwamba akialikwa, atakwenda. Moyo ukatulia, maana hakutarajia mwaliko. Nusu saa haijapita, mpwa wake akafika kutoka Dresden: kesho hakuna mhubiri, mjomba aje awafundishe. Miller alitoka nje bila kujibu, amejikasirikia kwa ahadi ile. Akaingia katika miti iliyokuwa karibu na nyumba, akashindana na Mungu katika maombi hata akakubali.

Kesho yake alihubiri. Alipoanza tu kunena, woga ukamtoka. Watu wakamwomba abaki, akafundisha juma zima.

Tazama: Mungu hakumwondolea woga akiwa bado nyumbani. Alikwenda nao, akauacha mimbarini.

Soma 2 Timotheo 1:7. Je, ni wito gani unaouahirisha ukingoja kwanza woga uishe? Waweza kuchukua hatua gani juma hili?